Sura ya Saba: Lori Kuukuu na Mikono Inayolijua

Ukiingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, utaonyeshwa magari yaliyowabeba wakuu wa nchi, likiwamo Rolls-Royce lililotumika enzi za ukoloni na baadaye kumtumikia Mwalimu Nyerere. Yametunzwa vizuri, na yanastahili kutunzwa. Lakini saruji ya Wazo, pamba ya Usukuma, kahawa ya Kilimanjaro na shaba ya Zambia zilisafiri kwa lori. Kwa lori walisafiri pia askari waliokwenda vita vya Kagera, na kwa lori walihamishiwa wanakijiji katika vijiji vya ujamaa miaka ya Operesheni Vijiji. Malori hayo yako wapi leo?

Mengine yangali kazini. Mengine yako juu ya mawe, nyuma ya nyumba na kwenye viwanja vya gereji kuanzia Keko na Tandika hadi Tegeta na Bunju. Mengi zaidi yamekwisha kuyeyushwa. Sura hii inahusu yaliyobaki: yalikujaje, nani alijifunza kuyaponya, na mtu afanyeje akitaka kulifufua moja kwa mapenzi tu, bila kutegemea limlipe. Nina sababu moja kubwa ya kumtakia msomaji mapenzi hayo. Ujuzi wa fundi wa malori ya zamani hauhifadhiki kwenye kabati. Unahifadhika kwenye kazi, na lori kuukuu ndiyo kazi yenyewe.

Yalivyofika

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia isiyo na bahari ilikuwa ikipitisha shaba yake na kuingiza mafuta yake kwa upande wa kusini, na njia hiyo sasa ikawa mikononi mwa adui. Pakabaki Dar es Salaam. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, lakini mapipa ya mafuta yalipaswa kwenda na shaba ilipaswa kuja. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba barabara hiyo ikapewa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, kampuni ya ubia wa serikali za nchi hizo mbili na Waitaliano, na Waitaliano wakaja na Fiat.

Fiat 682 lilianza kutengenezwa mwaka 1952, likaendelea kuuzwa Afrika hadi miaka ya 1980. Lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda sita, yenye zaidi ya lita 10, na kichwa kilichokaa juu ya injini. Usukani wake ulikuwa kulia hata kwa matoleo ya Italia kwenyewe, ili dereva aone vizuri ukingo wa barabara za milimani. Hiyo ilikuwa bahati kwa Tanzania, kwani lori lilitoka kiwandani likiwa tayari kwa barabara zetu. Halikuwa na haraka. Likiwa na trela nyuma lilipanda mlima wa Kitonga kwa gia ya chini kabisa, utingo akiwa tayari na gogo la kuzuia tairi.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Wachina waliojenga reli hiyo walileta malori yao ya Jiefang, yaliyotengenezwa na kiwanda cha FAW cha Changchun, kiwanda kilekile ambacho malori yake mapya leo yanaunganishwa Kibaha. Waingereza walikwisha kuleta Bedford, Leyland na Albion, lile lenye nembo ya jua linalochomoza. Scania zilitoka Sweden, na huko Kibaha kikajengwa kiwanda cha TAMCO cha kuziunganisha. Isuzu zilikuja kutoka Japani. Kibaha hiyohiyo, mradi wa Nyumbu ulio chini ya Jeshi ukaunda lori la Kitanzania.

Ndiyo maana uwanja mmoja wa gereji wilayani Temeke unaweza kuwa na chuma cha nchi tano. Kila lori lililopo hapo lina sababu ya kisiasa iliyolileta: msaada, mkopo, ubia au ukombozi wa jirani. Anayelifufua anashika mkononi kipande cha historia ambacho vitabu vyetu vya shule hukipitia kwa aya moja.

Dhiki iliyowafunza mafundi

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza, na malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda mstari wa mbele. Yaliyorudi yalirudi yamechoka. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja, na fedha za kigeni zikakauka. Mwenye lori aliyehitaji pistoni hakuwa na pa kuiagiza, hata kama shilingi alikuwa nazo.

Katika miaka hiyo mafundi wa Gerezani, Keko na Chang'ombe walijifunza mambo ambayo kitabu cha kiwanda hakikuyataja. Bushi ilichongwa kwenye mashine ya kerezo kutokana na shafti ya gari lililokufa. Springi iliyovunjika ilipelekwa kwa mhunzi, ikapashwa moto, ikapindwa upya na kupozwa kwa oili ili irudishe ugumu wake. Gasketi ilikatwa kwa mkono, kingo zikigongwa taratibu kwa nyundo ndogo hadi karatasi ishike umbo la chuma. Injini ya gari moja iliingizwa katika chasisi ya jingine, na fundi akatengeneza mwenyewe mikono ya kuishikilia.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata. Magari na spea vikaanza kuingia tena, na baada ya miaka michache Fuso na Isuzu zilizotumika Japani zikajaa barabarani. Haja ya kuchonga kila kitu ikapungua. Vijana walioingia gereji baadaye walijifunza kufungua kilichoharibika na kufunga kipya, na sasa wanajifunza kusoma hitilafu kwa kompyuta. Huo nao ni ujuzi, tena unahitajika sana. Lakini anayejua kusikiliza pampu ya dizeli ya Leyland na kusema ni nozo ya silinda ya ngapi inayovuja amekuwa mzee. Mara nyingi hana wa kumrithisha, kwa sababu lori la kumfundishia kijana halipo tena.

Kuchagua

Msomaji aliyevutwa na jambo hili atataka kujua aanzie wapi. Kwa upande wa Kinondoni, Tegeta, Boko na Bunju ni nchi ya malori ya kazi. Kiwanda cha saruji cha Wazo kimekuwapo tangu mwaka 1966, na machimbo ya mawe na kokoto ya Kunduchi na Boko yalilisha ujenzi wa jiji kwa miaka mingi. Tipa zilizochoka huegeshwa hukohuko. Kwa upande wa Temeke, Kurasini iko jirani na bandari, na barabara za Kilwa, Chang'ombe na Mandela zimezungukwa na gereji ambazo zimetengeneza malori tangu enzi za Fiat.

Ukilipata lori, anza na karatasi kabla ya kufungua boneti. Kadi ya gari iwepo, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyoandikwa. Malori mengi ya zamani yalikuwa mali ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na baada ya kubinafsishwa yalipita mikono mingi bila kubadilishwa jina. Lori lisilo na mwenyewe kisheria litakula fedha zako, kisha siku moja litadaiwa.

Baada ya karatasi, tazama chasisi. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti butu. Malori yaliyokaa karibu na bahari, Kunduchi au Kigamboni, huoza kuanzia ndani ya maungio ambako hewa ya chumvi hukwama. Nyufa hutokea zaidi penye vishikio vya springi na nyuma ya kichwa.

Kisha hesabu vitu vidogo. Wageni wa kazi hii hukazia macho injini, wakati injini ina fundi na mara nyingi ina spea. Kisichopatikana ni kioo cha mbele cha lori lililoacha kutengenezwa, vishikio vya milango, mita za dashibodi, nembo na taa. Lori lenye injini iliyokufa lakini limekamilika ni bora kuliko linalowaka likiwa limenyonyolewa.

Kwa anayeanza, nashauri Bedford TJ, lori lenye pua lililotoka mwaka 1958. Si kubwa mno, umeme wake ni rahisi, na kila kitu kinafikiwa kwa spana za kawaida. General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford Uingereza mwaka 1986, lakini yalikuwa mengi mno kiasi kwamba mabaki yake bado yanaonekana. Mwenye nafasi na mkoba mzito zaidi atafute Scania 111, iliyoanza kutoka mwaka 1974. Injini yake ni ya silinda sita na lita 11, na ukoo wa injini hiyo uliendelea katika 112 na 113, malori ambayo kila gereji kubwa ya Dar es Salaam inayajua. Leyland na Albion ziachwe kwa mwenye subira, kwa sababu spea zake nyingi zitabidi zichongwe. Fiat 682 ikipatikana nzima, isiachwe kwa bei yoyote inayowezekana.

Kuiamsha injini

Injini iliyolala miaka mingi haipigwi stata siku ya kwanza. Ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na nguvu ya stata inaweza kuzivunja au kupinda mkono wa pistoni. Fungua nozo zote, mimina katika kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, kisha acha ikae siku kadhaa. Baada ya hapo zungusha injini kwa mkono kwa nondo kwenye flaiwili, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikikataa, ongeza mafuta na usubiri tena. Haraka ya saa moja hapa inaweza kugharimu injini nzima.

Ikishazunguka, mwaga oili ya zamani na uikague. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Shusha tenki la dizeli na ulioshe, kwa maana dizeli iliyokaa katika joto na unyevu wa Dar es Salaam huzaa ute unaoziba chujio. Pampu ya dizeli ipelekwe kwa fundi pampu mwenye meza ya kupimia, isifunguliwe na mtu mwingine yeyote. Vipuri vyake vimesagwa kwa usahihi ambao spana ya mtaani haiwezi kuurudisha. Mfumo ukirudishwa, toa upepo kwa pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu.

Uzuri wa injini hizi ni kwamba zinaeleweka. Hakuna sensa, hakuna kompyuta. Dizeli ifike kwa wakati wake, hewa ibanwe vya kutosha, oili izunguke na maji yapoze; hayo manne yakitimia, injini itawaka. Kijana anayejifunza juu yake anaona kwa macho kila kinachotendeka, na anayeelewa Bedford ataielewa kwa urahisi injini ya leo iliyofunikwa na waya.

Maji yanahitaji neno la peke yake. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, na wengi huyatia kwenye rejeta kwa kuwa yako karibu. Katika injini ambazo laina za silinda zimezungukwa na maji moja kwa moja, chumvi hiyo huzitoboa taratibu hadi maji yaingie kwenye oili. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji yasiyo na chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Mambo mawili yanayoua

La kwanza ni tairi. Malori mengi ya zamani yana rimu za vipande, ambamo tairi hushikiliwa na ringi ya chuma inayopachikwa pembeni. Ringi hiyo ikiwa imeliwa na kutu au haikukaa sawasawa, huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kumuua aliyesimama mbele yake. Tairi lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, na mtu akae pembeni. Ringi iliyopinda haigongwi ikarudi, inatupwa.

La pili ni vumbi la breki. Bitana za breki za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Desturi ya kupuliza ngoma za breki kwa upepo wa kompresa ikomeshwe katika kila gereji. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Kijana anayejifunza asikabidhiwe kazi hii bila barakoa inayofaa.

Breki za upepo zenyewe zinataka uangalifu wa kila siku. Kompresa huvuta unyevu pamoja na hewa, na maji hayo hukaa chini ya matenki. Fungua koki na uyamwage kila baada ya safari. Tenki lililooza kwa ndani halionyeshi dalili nje.

Bodi na rangi

Keko inajulikana kwa maseremala wa fanicha, na hiyo ni baraka kwa mwenye lori. Bodi za zamani zilikuwa za mbao juu ya mifupa ya chuma. Seremala anayejua kuunganisha mbao nzito za kitanda atajua pia kuunganisha ubavu wa Bedford, mradi aelezwe kwamba lori hutikisika: bolti zipite hadi upande wa pili, misumari peke yake haitoshi.

Kuhusu rangi, ninashikilia msimamo mmoja: piga picha kabla ya kukwangua, na kwangua polepole. Chini ya rangi ya juu mara nyingi kuna jina la shirika lililolimiliki lori kwanza, na chini ya hilo huenda kuna rangi ya kiwandani. Maneno yaliyoandikwa kwa brashi na mafundi wa mtaani, juu ya kioo au kwenye ubao wa nyuma, nayo ni sehemu ya lori. Maneno hayo yakionekana vizuri, yaachwe. Lori lililong'arishwa hadi kufutwa maisha yake yote limepoteza nusu ya thamani.

Kuliweka barabarani

Sheria imelegeza kamba upande mmoja. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaihamishia kwenye bei ya mafuta. Kwa mwenye lori linalotoka mara chache, huo ni unafuu mkubwa: unalipa kwa kadiri unavyoendesha. Bima bado ni lazima, na ukaguzi wa usalama vilevile. Usiukwepe ukaguzi huo. Lori la tani nyingi lenye breki za kubahatisha halina udhuru wa uzee.

Likishakamilika, liendeshwe. Kuwasha injini robo saa uani kila Jumamosi hakuisaidii, kwa sababu haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo ndani. Ni bora itoke mara moja kwa mwezi, ikiwa na mzigo kidogo, hadi kila beringi ipate moto. Weka tenki la dizeli likiwa limejaa ili kupunguza nafasi ya unyevu, paka grisi kingipini na springi, na baada ya safari ya pwani osha chasisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kabla ya tanuru

Viwanda vya nondo vya Dar es Salaam na Pwani vinahitaji vyuma chakavu, na lori juu ya mawe ni tani kadhaa za chuma zisizo na mtetezi. Mnunuzi huja na mizani na gesi ya kukatia, na jioni hakuna lori. Simlaumu mjane au mzee anayeuza, fedha inahitajika. Ninachodai ni kwamba wengine tuwahi kufika.

Wenzetu wamewahi. Mji wa Leyland, Uingereza, ulioipa kampuni jina lake, una makumbusho ya malori tangu mwaka 1983, na tangu mwaka 1962 malori ya kale ya nchi hiyo hufanya safari ya pamoja kila mwaka kutoka London hadi Brighton. Nairobi imekuwa na maonyesho ya Concours d'Elegance kwa magari na pikipiki za kale tangu mwaka 1970. Viwanja vya maonyesho ya Sabasaba viko Temeke, hatua chache kutoka gereji hizi. Safu ya malori matano yaliyofufuliwa ingepata nafasi hapo kila Julai na kuvuta watu kuliko mabanda mengi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina chuo Chang'ombe, imekwisha kuonyesha kwamba ujuzi wa mtaani unaweza kupimwa na kutambuliwa kwa cheti kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi. Hatua inayofuata ni kuwaita wazee hao hao wawe walimu, wapewe lori moja bovu na vijana kumi, na kila hatua irekodiwe kwa video na kwa maandishi ya Kiswahili. Makumbusho ya Taifa nayo yatafute Fiat 682 au Leyland moja na kuiweka karibu na gari la Mwalimu.

Nawe msomaji, ikiwa kwenu kuna lori la babu juu ya mawe, usiliuze kwa kilo kabla hujamwita fundi mzee alitazame. Mlipe kwa muda wake, mwombe kijana mmoja wa familia asimame naye, na mwandike anachosema. Hata lori lisipowaka, hicho mlichoandika hakitayeyushwa.